Picha za Mji: Vilivyopigwa na Vilivyoachwa

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa Mtopanga, Kisauni, mbele ya wapiga picha wa ridhaa na jamaa zao)



Picha thelathini na moja zimebandikwa katika ukuta wa chumba hiki. Zimepigwa na watu wa Mtopanga na mitaa ya jirani, ambao hawafanyi kazi hiyo kwa mshahara. Mmoja ni fundi cherehani, mwingine ni utingo wa matatu, wengine ni wanafunzi, na mmoja ni mzee aliyestaafu kazi ya bandarini. Karibu zote zimepigwa kwa simu za mkononi. Tatu tu zimepigwa kwa kamera. Kila mtu aliambiwa alete picha za mji na mambo ya watu wake, wala hakuelezwa ni mji upi wala mambo yapi.

Basi neno la kwanza ni la hesabu. Kati ya picha hizo, sita ni za Pembe, tano ni za Ngome ya Yesu, saba ni za Mji wa Kale, nne ni za feri ya Likoni, na tano ni za ufuko wa Nyali na Bamburi. Zilizosalia ni nne, nazo ndizo za Mtopanga. Wapiga picha wote wanalala huku, wanateka maji huku, na watoto wao wanasoma huku. Walakini walipotaka kupiga picha walipanda matatu, wakalipa nauli, wakavuka daraja la Nyali kwenda kuutafuta mji. Mgeni akiutazama ukuta huu atadhani kwamba Mombasa ni kisiwa tu, na kwamba huku bara hakuna ila barabara ya kwenda Malindi.

Sivyo ilivyo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Mombasa nzima ilikuwa na watu 1,208,333. Sehemu ya Mvita, ambayo ndiyo kisiwa, ilikuwa na watu 154,171 tu, na Kisauni peke yake ilikuwa na watu 291,930. Maana yake ni kwamba katika kila watu wanane wa Mombasa, mmoja tu hivi ndiye akaaye kisiwani. Mji umekwisha kuvuka maji zamani. Picha ndizo ambazo bado hazijavuka.

Sasa zitazamwe picha zenyewe, moja moja, na kwa haki.

Zile sita za Pembe zina sifa njema na aibu moja. Sifa ni kwamba zote zimetulia, hazikutikisika, na mistari yake ni safi. Aibu ni kwamba tano kati yake ni picha moja. Wapiga picha watano, kwa siku mbalimbali, wamesimama mahali pale pale, wakaelekeza simu juu pale pale, wakaipata herufi ile ile ya M. Pembe za kwanza zilisimamishwa mwaka 1952, wakati wa safari ya Binti Mfalme Elizabeth katika Kenya, na zile za alumini zikawekwa mwaka 1956, mji ulipomkaribisha Binti Mfalme Margaret. Barabara hiyo wakati huo iliitwa Kilindini Road. Leo ni Moi Avenue. Tangu siku hizo pembe hizo zimepigwa picha na mabaharia, watalii, maharusi na watoto wa shule, na kadi za posta zake zimejaa dunia. Mtu apigaye picha ya sita elfu ya kitu hicho hapana budi ajiulize yeye anaongeza nini.

Ya sita imeongeza. Huyu mpiga picha hakutazama juu, alitazama chini. Muuza madafu ameusimamisha mkokoteni wake ndani ya kivuli cha pembe moja, na kwa kuwa kivuli chenyewe ni chembamba, madafu yamepangwa kwa mstari ili yote yapate kuwa humo. Hapo mtu ajua mara moja mambo matatu: kwamba jua ni kali, kwamba katika barabara ile mti haupo karibu, na kwamba pembe zilizowekwa kwa heshima ya wafalme zimepata kazi nyingine yenye manufaa. Kosa lake ni kukata gurudumu la mkokoteni na nusu ya mguu wa mwenye mali. Mpiga picha alitaka pembe ziingie zote, akamtoa mtu kafara. Angalirudi nyuma hatua tatu, au angaliacha ncha za pembe zikatike badala ya mguu wa mtu, picha ingalikuwa kamili. Ncha za pembe kila mtu azijua.

Jambo la mwanga lafaa lisemwe kwa kirefu kidogo, maana limeharibu picha zaidi ya kumi. Mombasa iko kusini ya Ikweta kwa nyuzi nne hivi. Katika mwezi wa Machi, na tena mwanzo wa Oktoba, jua la saa sita mchana hupita karibu kabisa na utosi. Saa hiyo paji la uso hutia kivuli machoni, pua hutia kivuli midomoni, na mtu mwenye sura nzuri huonekana kama amevaa kinyago. Tena kuta za katikati ya mji ni nyeupe. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo yapakwe rangi nyeupe na mistari ya buluu. Ukuta mweupe, jua la utosini, na mtu mweusi aliyesimama mbele yake: simu huupima ukuta, huona mwanga umezidi, hupunguza, na mtu hugeuka kuwa kivuli kisicho na macho. Katika picha ya tisa, ile ya mzee aliyeketi barazani karibu na Ngome ya Yesu, ukuta umetoka vizuri mpaka nyufa zake zahesabika, lakini mzee hana uso.

Wala kosa hili si la mpiga picha peke yake. Tangu miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa ikizipelekea nyumba za kusafishia picha kadi za kupimia rangi, nazo zilikuwa na sura ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Fundi akiona rangi ya Shirley imekaa sawa, alihesabu kwamba picha zote zimekaa sawa. Watu weusi walipigwa picha kwa kipimo ambacho hakikuwa chao, na miaka mingi ilipita kabla kadi hizo hazijaanza kuwa na sura za watu wa rangi nyingine. Ndiyo sababu katika picha nyingi za zamani za shule na za harusi, kanzu zinang'aa na nyuso zimezama gizani. Simu za siku hizi zimeendelea sana, lakini zikiachiwa zenyewe bado huweza kuujali ukuta kuliko mtu.

Dawa yake si ghali. Mpiga picha aguse uso wa mtu katika kioo cha simu, ili simu ipime mwanga hapo, na ukuta uungue ukitaka kuungua. Au amwombe mtu aingie ukumbini, ndani kidogo ya mlango, auelekeze uso nje; mwanga wa uani ukirudi kutoka katika mchanga humwangazia kwa upole, nao haulipiwi. Au asubiri. Kutoka saa kumi na mbili u nusu asubuhi mpaka saa mbili, na tena kuanzia saa kumi na moja jioni, mwanga wa pwani huja kwa ubavu, na hata ukuta wa matofali matupu huwa na sura.

Kuhusu picha za ufuko maneno hayatakuwa mengi. Katika mbili kati ya tano bahari ya Nyali imetiwa rangi kwa programu ya simu hata ikawa kama wino wa shule, na mchanga umekuwa kama unga wa ngano. Bahari ile haihitaji kusaidiwa. Atakayeiona picha hiyo kisha akaja akaiona bahari yenyewe atafikiri kwamba amedanganywa, naye atakuwa amesema kweli.

Picha za feri ni nne, na zote zimepigwa kutoka juu, upande wa Likoni, umati ukishuka. Hizi zina nguvu. Umati ule ni Mombasa kweli: mwenye mfuko wa saruji begani, mwuguzi, mwanafunzi, mwendesha baiskeli aliyebeba kuku. Aliyewahi kuishi Likoni hawezi kuutazama umati wa feri bila ya kuikumbuka tarehe 29 Aprili 1994, ilipozama MV Mtongwe na watu 272 wakafa. Picha iliyoonyesha sawasawa jinsi chombo kilivyojaa, yenye siku na saa, si ya kupamba ukuta tu. Yaweza kuwa ushahidi. Kwa bahati mbaya hakuna hata moja kati ya nne hizi iliyoandikwa siku. Mpiga picha mmoja alipoulizwa alisema, "Nadhani ni mwaka jana, au ule wa mbele yake." Jambo hili litarudiwa.

Hapo penye feri kuna habari nyingine ambayo vijana wengi hawaijui. Katika miaka ya 1990 palikuwa na wapiga picha wa kazi waliojenga vibanda vyao karibu na kivuko, na ndani ya vibanda walitundika mapazia yaliyochorwa meli, ndege za kuruka, milima na majumba makubwa. Wengi wao walikuwa watu wa bara waliokuja pwani kutafuta kazi, na wateja wao vilevile. Mtu alilipa shilingi zake, akasimama mbele ya meli ya kuchorwa, akapigwa picha, akaipeleka nyumbani kwao kwa posta. Wapo waliozicheka picha hizo, wakisema ni za uongo. Lakini wataalamu wa kigeni walipokuja kuzichunguza waliona kwamba ndani yake mna habari nyingi za kweli, maana zinaonyesha mtu wa Mombasa alikuwa akitamani nini. Kadhalika N. V. Parekh, mpiga picha wa mjini Mombasa aliyejulikana sana katika miaka ya 1950 na 1960, alipokea Waswahili, Waarabu na Wahindi waliokuja studio kwake na nguo zao nzuri, wakachagua wenyewe namna ya kukaa na namna ya kutazama. Na huko Lamu, Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 akafa mwaka 1993, alikuwa akikata picha na kuziunga upya kwa ustadi hata zikawa mambo ya ajabu. Kazi hizi ni mbalimbali, lakini zina jambo moja: aliyepigwa alitaka kupigwa, alijua kwamba anapigwa, na picha ilikuwa mali yake.

Neno hilo ndilo linalofungua mlango wa picha ya kumi na saba.

Watu wote walioingia chumbani wameona kwamba picha ya kumi na saba imegeuzwa, uso wake umeelekea ukutani. Haikuanguka, imegeuzwa kwa makusudi, na mwenyewe alikwisha kuambiwa kabla ya mazungumzo haya kuanza. Ilipigwa Mji wa Kale. Mlango wa kuchongwa umetoka vizuri sana, misumari yake yote yaonekana, na mwanga ni wa jioni. Mbele ya mlango yuko mwanamke wa makamo, amevaa buibui, ana kikapu cha mchicha, naye ameinua mkono wake kuukinga uso. Kiganja chake ndicho kilicho katikati ya picha. Mpiga picha aliipenda kwa sababu, alisema, "ina uhai." Ni kweli kwamba ina uhai. Lakini kiganja kile kina maneno, na maneno yake ni "Usinipige." Picha imehifadhi kukataa kwake, kisha ikaletwa hapa watu waitazame.

Jambo hili lina historia ndefu katika pwani hii. Mtu akizitazama kadi za posta za Mombasa zilizopigwa chapa mwanzoni mwa karne ya 20, ataona toroli zilizokuwa zikipita juu ya reli nyembamba katika barabara za mji. Bwana ameketi chini ya kitambaa cha kivuli, na nyuma wamesimama watu wawili wanaoisukuma. Ataona pia wanawake wenye leso, wachukuzi, mabaharia. Chini ya picha mna maneno kama "Toroli ya Mombasa" au "Mwanamke wa Kiswahili." Jina la mtu halimo. Waliosukuma toroli walikuwa na majina, mama zao waliwaita kwa majina hayo, na wajukuu wao pengine wako Kisauni leo; lakini hakuna awezaye kumwambia mjukuu, "Huyu ndiye babu yako." Aliyepiga picha hakuuliza. Aliwaona kama sehemu ya toroli.

Yasikitisha kwamba kijana wa Mtopanga, mwenye simu mfukoni, amwendee mama wa Mji wa Kale kwa njia ile ile, na huku yeye si mgeni. Anaijua lugha yake. Angaliweza kusema, "Shikamoo, mama," akaeleza habari yake, akaomba. Huenda mama angalikataa. Basi, angaliupiga picha mlango peke yake, maana mlango haukinzani. Huenda angalisema, "Nipige, lakini uso sitaki," ndipo zingalipigwa picha za mikono yake na mchicha wake, zikawa nzuri kuliko hii. Wako akina mama wa pwani wasiopenda picha zao zionekane kwa wanaume wasio jamaa zao, na katika harusi nyingine upande wa wanawake simu huachwa mlangoni. Hii si ushamba, kama baadhi ya vijana wanavyonong'ona. Ni watu kujua kwamba picha ina miguu, na ikitoka nyumbani haijulikani itafika wapi. Siku hizi za simu imepata na mabawa.

Tena liko neno la sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu picha ya mtu kuwa ni habari zake binafsi. Mwaka 2023 Kamishna wa Kulinda Data alitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya idhini ya wazazi, na mahali pamoja pa starehe Nairobi palitozwa shilingi 1,850,000 kwa picha za wateja. Haifai mtu aogope hata asipige picha ya soko la Kongowea kwa kuwa lina watu elfu; umati ni umati. Lakini mtu mmoja akitolewa katika umati akafanywa yeye ndiye picha, yampasa mpiga picha kumwendea. Akichelewa, aende baadaye amwonyeshe. Na mtoto asipigwe ila mkubwa wake ajue.

Sasa zimebaki picha nne za Mtopanga.

Ya kwanza ni ya bodaboda wakingoja abiria, wote wakitazama kamera na kuinua vidole. Ni picha ya urafiki, itawafurahisha wenyewe, na yafaa kila mmoja apewe yake. Ya pili ni ya barabara wakati wa mvua, nayo imetikisika sana. Mpiga picha arudi masika yajayo.

Ya tatu ni ya nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa makuti, na nyuma yake limeinuka ghorofa la matofali lisilopakwa chokaa. Imepangwa vyema. Kosa lake liko chini, katika neno moja lililoandikwa kwa kalamu: "Umaskini." Mpiga picha ametoa hukumu kabla ya kusikia mashahidi. Nyumba ile ina boriti za mikoko, fito, udongo uliokandwa na makuti yaliyosukwa, na ndani yake mna baridi saa ambayo ndani ya ghorofa mtu hawezi kulala. Mafundi waijuao kazi hiyo wanapungua. Na ghorofa la nyuma nalo lina habari yake: saruji imekuwa ikitengenezwa Bamburi, mwendo mfupi kutoka hapa, tangu mwaka 1954, kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa papo hapo, na machimbo yaliyoachwa yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971 na René Haller, hata leo ni msitu wenye wanyama. Kwa hiyo katika picha hii moja mna mikoko, minazi na mawe ya bahari, yaani pwani nzima imesimama kwa namna mbili, ya kale na ya sasa. Neno "Umaskini" limeyafunika yote hayo. Lifutwe, na mahali pake liandikwe jina la mtaa, mwaka, na jina la aliyeijenga nyumba, kwa ruhusa ya wenyewe.

Ya nne ni picha ya thelathini na moja, na ndiyo bora kuliko zote zilizo ukutani. Imepigwa na mwanafunzi msichana, kwa simu ya mama yake yenye kioo kilichopasuka. Ni ya mitungi ya maji. Mitungi ya njano ishirini na tatu imepangwa kwa safu mbele ya bomba ambalo halitoi maji, na hakuna hata mtu mmoja. Ni asubuhi mapema, mwanga unatoka kushoto, na kila mtungi una kivuli kirefu. Mmoja umefungwa kitambaa chekundu mkononi, mwingine umeandikwa jina kwa rangi, mwingine umezibwa kwa gunzi la hindi. Kila mwenye mtungi amekwenda kuwasha moto au kumvika mtoto sare, na mtungi umebaki umemshikia zamu. Maji ya Mombasa hutoka mbali, chemchemi za Mzima na Marere, visima vya Baricho na Tiwi, nayo hayatoshi. Habari hiyo imeandikwa katika magazeti mara nyingi sana. Lakini ile mitungi yaonyesha jambo ambalo magazeti hayalionyeshi, kwamba watu wa mtaa huo wanaaminiana. Hakuna aliyeusogeza mtungi wa mwenzake.

Mtalii hawezi kuipiga picha hii. Hata mtu wa kisiwani hawezi, maana hajui kwamba saa hiyo, siku hiyo, mitungi huwa pale. Msichana alijua kwa kuwa wa nne kutoka mwisho ni wa kwao. Alipoulizwa kwa nini aliipiga, alijibu kwamba alikuwa akingoja, na hakuwa na jambo jingine la kufanya. Ana kosa dogo: picha imeinama kidogo kulia, na kipande cha kidole chake kimo katika pembe ya juu. Kidole kikatwe, lakini mitungi isikatwe hata mmoja.

Ni ajabu pia kwamba hakuna aliyeleta picha ya mnara wa kengele wa Kengeleni. Kila mpiga picha aliyekwenda kisiwani amepita karibu nao ndani ya matatu, kwenda na kurudi. Freretown ilianzishwa mnamo mwaka 1875 kuwa makao ya watu waliokombolewa utumwani, na kengele ilikuwa ikipigwa kuwaonya hatari ilipokaribia. Jina la mahali limetoka hapo. Watu wamelitamka jina mara elfu, "Kengeleni, shusha," wasiitazame kengele.

Lile jambo la tarehe liliahidiwa kurudiwa. Daraja la kwanza la Nyali lilikuwa daraja la kuelea, lililofunguliwa mwaka 1931. La zege lililopo leo lilikamilika mwaka 1980. Mtu aliyezaliwa baada ya hapo hawezi kulijua lile la kuelea ila kwa picha na kwa masimulizi ya wazee. Waliolipiga wakati huo walilipiga kwa kuwa lilikuwa njia yao ya kila siku. Kisiwani Unguja, Ranchhod Oza alifungua studio yake ya Capital Art mwaka 1930, na yeye na mwanawe wakazihifadhi picha za mji kwa miongo mingi. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, lilibomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Tangu siku hiyo kila picha ya zamani ya jumba lile imekuwa na thamani mpya, na zile zenye tarehe zina thamani zaidi, kwa kuwa mafundi waweza kuzisoma na kujua ufa ulianza lini.

Kwa hiyo nyuma ya kila picha yapasa yaandikwe, kwa kalamu ya risasi, mahali, siku, saa, jina la mpigaji, na jina la aliyepigwa kama ameridhia. Asiyekuwa na karatasi aandike katika daftari, akitia nambari. Picha iliyo ndani ya simu tu iko katika hatari: simu huibiwa, huanguka ndani ya maji, hukabidhiwa mtoto. Inakiliwe mahali pawili, na zile bora chache zisafishwe karatasini. Bei ya picha moja ya karatasi si kubwa kuliko bei ya nauli ya kwenda kuzipiga Pembe.

Kazi ya mwezi ujao ni picha moja tu kwa kila mtu, nayo ipigwe mahali ambapo mpigaji aweza kufika kwa miguu, kutoka mlangoni kwao, katika muda wa dakika kumi. Atakayeleta picha ya Pembe itambidi aonyeshe kwamba anakaa chini yake.

Picha hizi zitabaki ukutani mpaka Jumamosi jioni, na kalamu za risasi ziko mezani karibu na mlango. Ile ya kumi na saba haitabaki. Mwenyewe ameomba arudishiwe leo, naye amesema kwamba anapajua mahali anapouza mchicha yule mama.